Ukulima na Ufugaji: Afya ya Samaki wa Bwawani

Mkulima mwenye ng'ombe huujua ugonjwa wa mnyama wake siku ile ile unapoanza. Ng'ombe huacha kula, masikio hulegea, maziwa hupungua, na mwenyewe hutafuta dawa kabla ya jua kuchwa. Mwenye samaki hana bahati hiyo. Mifugo yake hukaa chini ya maji ambako jicho halifiki, wala haina sauti ya kulia. Aghalabu huanza kuyajua maradhi yao asubuhi ile anapowakuta wakielea, matumbo juu, na kazi ya miezi sita imekwisha kwa usiku mmoja. Chakula cha nyumbani kimepotea, karo ya shule imepotea, na majirani waliokuwa wakimcheka kwa kuchimba shimo sasa wana neno la kusema.

Hasara ya namna hii mara chache huwa ni ya bahati mbaya. Samaki wengi wanaokufa katika mabwawa ya nyumbani hawauawi na ugonjwa wenye jina. Huuawa na maji mabaya, na maji hayaharibiki pasipo kutoa dalili. Mwenye bwawa aliyejifunza kuzisoma dalili hizo hatahitaji dawa nyingi.

Kazi hii si ngeni katika Kenya. Majaribio ya kufuga ngege katika mabwawa yalianza katika miaka ya 1920, na mwaka 1948 Serikali ilianzisha vituo viwili, kimoja Sagana kwa samaki wa maji ya vuguvugu, na kimoja Kiganjo kwa trauti wa maji baridi. Katika miaka ya 1960 watu walihimizwa kula samaki zaidi, na mabwawa madogo yakachimbwa kwa wingi, hasa katika sehemu za Magharibi na za Kati. Mengi kati ya hayo yaliachwa baadaye yakaota matete. Kuanzia mwaka 2009 Serikali ilitoa tena fedha nyingi, na mabwawa ya mita za mraba 300 yakachimbwa katika majimbo mengi ya uchaguzi. Mengine yangali yanatoa samaki hata leo, na mengine yamebaki makao ya vyura. Fundisho la miaka yote hiyo ni moja: kuchimba bwawa ni kazi ya juma moja, na kulitunza ni kazi ya kila siku.

UDONGO NA CHOKAA

Afya ya samaki huanza kabla samaki hawajanunuliwa. Bwawa jema lina kina cha nusu mita mahali maji yanapoingilia, na hushuka polepole hata kufika mita moja au zaidi kidogo mahali yanapotokea. Bwawa lisilo na kina cha kutosha hupata joto kali mchana na baridi kali usiku, tena huota majani upesi, na ndege huvua humo bila taabu.

Penye udongo wa mfinyanzi maji hukaa. Penye mchanga hapana budi kutandika karatasi nene ya plastiki, ama kutafuta mahali pengine. Bwawa linalovuja hudai maji mapya kila siku, na maji mapya huchukua mbolea yote na kuipeleka kwa jirani wa chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika bwawa ufa wenyewe ni tundu la kaa au la panya lililoachwa kwa mwezi mmoja.

Jambo linalosahauliwa na wengi ni ukali wa udongo. Katika nchi za majani chai, kama Kericho, Kisii na sehemu za juu za Murang'a, udongo mwekundu huwa na asidi. Chai hupenda hivyo, lakini samaki hawapendi. Katika maji ya asidi mbolea haifanyi kazi yake, na samaki hukua kwa shida. Dawa yake ni chokaa ya shambani. Kadiri ya kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100 hunyunyizwa juu ya udongo wa bwawa likiwa kavu, chini na kandokando, na udongo mkali sana huhitaji zaidi. Baada ya hapo yafaa kungoja juma moja au mawili kabla ya kutia mbolea. Chokaa na mbolea zikitiwa pamoja huharibiana, na mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni huweza kutoa hewa yenye sumu kwa samaki.

RANGI YA MAJI

Maji ya kunywa yawe meupe, lakini maji ya ngege yawe ya kijani. Ukijani huo ni vijimea vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Hivyo ndivyo malisho ya samaki, kama majani yalivyo malisho ya ng'ombe. Vijimea huletwa na mbolea: samadi ya ng'ombe, mavi ya kuku, au ya mbuzi. Kipimo kilicho salama ni gramu 50 za samadi kavu kwa kila mita moja ya mraba katika juma moja. Kwa bwawa la mita za mraba 300 hiyo ni kilo 15. Yafaa samadi iwekwe pembeni ndani ya kizimba cha fito ili isitawanyike, na kila juma kiasi kipimwe upya kwa kuyatazama maji yenyewe.

Chombo cha kupimia hakihitaji kununuliwa. Mwenye bwawa huuingiza mkono wake majini ukiwa umenyooka, kiganja kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yanapofika kiwiko, mbolea inatosha. Kikipotea kabla ya hapo, mbolea imezidi, na isitiwe tena mpaka maji yapungue ukijani. Kikiendelea kuonekana hata maji yakipita kiwiko, samaki wana njaa na mbolea iongezwe. Walakini kipimo hiki chafaa kwa maji ya kijani tu. Maji yaliyo mekundu au ya rangi ya chai ya maziwa yana tope, na tope huzuia jua lisiwafikie vijimea, tena huziba mashavu ya samaki. Bwawa la namna hiyo lipandwe nyasi fupi kwenye kingo, na mfereji uchimbwe upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando.

HEWA YA ALFAJIRI

Samaki huvuta hewa iliyomo majini, na hewa hiyo huongezeka na kupungua kila siku. Mchana vijimea vya kijani huitengeneza kwa nguvu za jua. Usiku vijimea hivyo hivyo, pamoja na samaki na uchafu unaooza chini, vyote huitumia, wala hakuna kinachoirudisha. Kwa hivyo hewa ya bwawa hupungua tangu machweo, na saa iliyo mbaya kuliko zote ni ile ya kabla ya jua kuchomoza. Maji yenye ukijani mno ndiyo yenye hatari kubwa, maana vijimea vingi huvuta hewa nyingi.

Ndiyo maana mfugaji mwerevu huanza siku yake bwawani saa kumi na mbili ya asubuhi. Akiwakuta samaki wamepanda juu, midomo wazi, wakimeza hewa kwenye uso wa maji, ajue kwamba wanakosa pumzi. Wakishuka jua likipanda, wameponea. Wakiendelea vivyo hivyo hata saa nne, kesho yake huenda hawatakuwapo.

Msaada wa haraka ni kufungua mfereji maji mapya yaingie kwa kuanguka kutoka juu, maana maji yanayoanguka hubeba hewa. Pasipo mfereji, watu wawili wenye ndoo huteka maji na kuyamwaga tena kutoka juu kwa saa moja au mbili. Chakula na mbolea visimamishwe papo hapo. Ikiwa bwawa lina bomba la kutolea maji ya chini, lifunguliwe kidogo, kwa sababu maji ya chini ndiyo maovu. Wakati wa mawingu mfululizo, hasa katika miezi ya Juni hadi Agosti huko milimani, haifai kabisa kutia mbolea, maana jua ni hafifu na hewa haitengenezwi ya kutosha.

CHAKULA NA BARIDI

Ngege husitawi katika maji yenye joto la digrii 25 hadi 30 za sentigredi. Joto likishuka karibu na digrii 16 huacha kula, na likishuka zaidi huanza kufa. Mkulima wa mahali pa baridi sana asilaumu mbegu wala chakula, bali aulize habari za trauti, ambao hupenda maji baridi yanayopita daima. Na yule wa mahali pa wastani ajue kwamba chakula kinachofaa mwezi wa Februari kinazidi mwezi wa Julai.

Kipimo cha kulisha hutokana na uzito wa samaki wote. Ikiwa bwawa lina ngege 900, na kila mmoja ana gramu 100, uzito wao wote ni kilo 90. Sehemu 3 katika kila 100 za uzito huo ni kilo 2 na gramu 700 kwa siku, nusu saa nne ya asubuhi na nusu saa kumi ya alasiri. Samaki wadogo hula sehemu kubwa zaidi ya uzito wao, na wakubwa hula sehemu ndogo. Ili kuujua uzito, kila mwezi wachache huvuliwa, hupimwa katika ndoo yenye maji, na kurudishwa upesi.

Chakula kitolewe mahali pamoja na saa ile ile. Pumba za mahindi au za mchele, mashudu ya pamba, na omena waliosagwa huchanganywa vizuri na wale wasio na uwezo wa kununua chakula cha dukani. Samaki wakiacha kukimbilia chakula kabla hakijaisha, mwenyewe aache kutupa. Chakula kinachozama bila kuliwa huoza, na uozo wake hula hewa iliyokusudiwa samaki. Wengi wamewaua samaki wao kwa ukarimu.

Pumba zenye kuvu zisitupwe bwawani kwa kusudi la kuokoa gharama. Sumu ya kuvu inayodhuru watu na kuku hudhuru samaki pia. Huwaua polepole kwa kuharibu ini, na mwenyewe huona tu kwamba hawanenepi.

WATOTO WENGI KULIKO NAFASI

Kuna maradhi yasiyoua, ambayo hata hivyo yamewakatisha watu tamaa kuliko mengine yote: bwawa lililojaa ngege wadogo kama kidole ambao hawakui. Ngege huanza kuzaa angali mdogo, mara nyingi akiwa na umri wa miezi mitatu tu. Mama hubeba mayai kinywani, na muda huo wote hali chakula sawasawa. Muda si muda bwawa la samaki 900 lina maelfu, chakula ni kile kile, na hewa ni ile ile. Dalili yake ni samaki wenye vichwa vikubwa na miili myembamba.

Kiasi kinachofaa bwawa la kawaida ni vifaranga 2 au 3 kwa kila mita ya mraba. Ili wasizaliane, yafaa kununua vifaranga vya kiume vitupu kutoka kituo kinachoaminika. Mfugaji mwenye subira huweza pia kuwachagua mwenyewe wakifika gramu 30 hivi, kwa kuwageuza tumbo juu: dume ana matundu mawili, na jike ana matatu. Njia ya tatu ni kutia kambare wachache wale watoto wanaozaliwa. Lakini kambare watiwe wakiwa wadogo kuliko ngege, ama sivyo watawala waliokusudiwa mezani.

Vifaranga wasivuliwe mtoni na kutiwa bwawani. Samaki wa mtoni huja na chawa, minyoo na jamaa zake wa kila namna. Na hata wale walionunuliwa vizuri hufa wakiharakishwa. Mfuko wao huelezwa juu ya maji ya bwawa kwa dakika 15 au 20 mpaka joto la ndani na la nje lilingane, kisha maji ya bwawa huingizwa kidogo kidogo, na mwishowe huachwa watoke wenyewe. Kazi hii ifanywe asubuhi au jioni, si jua la saa sita.

KUSOMA KIFO

Samaki wakifa, jambo la kwanza si kulia wala kukimbilia duka la dawa, bali kutazama namna walivyokufa. Kila kifo kina mwandiko wake.

Wakifa wengi kwa usiku mmoja, wakubwa wakitangulia, huku kambare wazima wakiogelea, basi hewa ndiyo iliyokosekana. Kambare ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, naye huokoka mahali ngege wanapokufa.

Wakifa wote pamoja, wadogo kwa wakubwa, mchana au usiku, na kambare wamo, na vyura na wadudu wa maji wamo pia, basi sumu imeingia.

Wakifa mmoja leo, wawili kesho, watatu keshokutwa, huo ndio ugonjwa hasa au wadudu. Hapo yafaa kumshika aliye dhaifu na kumchunguza. Manyoya meupe kama pamba juu ya ngozi ni kuvu, nayo hufuata jeraha, mara nyingi jeraha la wavu au la mikono mikavu iliyomshika siku za kupima. Madoa meupe kama chembe za chumvi, na samaki kujisugua kwenye kingo na kurukaruka, ni dalili za wadudu wa ngozi. Vijifuko vya manjano chini ya ngozi au penye mashavu vina minyoo.

Kwa kuvu na wadudu wa ngozi chumvi ya kawaida husaidia. Gramu 200 huyeyushwa katika debe la lita 20 za maji ya bwawa, na samaki wachache wachache huogeshwa humo kwa muda usiozidi dakika 20. Anayelala ubavu atolewe mara moja. Lakini kuitupa chumvi bwawani ni kupoteza fedha. Bwawa la mita za mraba 300 lenye kina cha wastani cha sentimita 80 lina lita 240,000 za maji, na ili kupata hata gramu moja tu kwa kila lita zahitajika kilo 240 za chumvi. Kilo mbili zilizonunuliwa sokoni hazitambuliwi na samaki yeyote. Dawa za watu na za ng'ombe zisitiwe majini kabisa pasipo shauri la afisa wa uvuvi wa kaunti au daktari wa mifugo. Huua vijidudu vyema vya bwawa, huwafundisha vijidudu viovu kuzizoea, na mabaki yake huliwa na watoto wa nyumbani.

SUMU YA MFEREJI

Kati ya vifo hivi vyote, kile cha sumu ndicho kinachovunja ujirani. Mfano ni wa majirani wawili waliokaa katika mteremko mmoja, wote wakitumia mfereji mmoja. Wa juu alilima kahawa, wa chini alifuga ngege. Asubuhi moja wa chini alikuta samaki zaidi ya 700 wakielea, na karo ya mwanawe ilikuwa imetegemea mavuno ya mwezi uliofuata. Wazo lake la kwanza lilikuwa la uadui. Alitamka neno la kutiliwa sumu kwa makusudi, na jioni yake vijana wa nyumba mbili walikuwa wamekwisha kutukanana njiani.

Mzee mmoja aliitwa kabla mambo hayajaharibika. Yeye hakuuliza habari za uadui. Aliyazunguka maji, akakuta kambare wamekufa, vyura wamekufa, na hata wadudu warukao juu ya maji hawapo. Kisha akapanda juu, akauliza kazi iliyofanywa jana.

"Mzee," akasema mwenye kahawa, "jana nilipiga dawa ya wadudu. Lakini sikumwaga dawa mferejini. Niliosha bomba tu."

"Mwanangu," mzee akajibu, "maji ya kuoshea bomba ndiyo dawa yenyewe. Kwa kahawa imekuwa nyepesi, kwa samaki ni kali vile vile."

Mwenye kahawa alinyamaza, kisha akaomba radhi mbele ya watu. Ikakubaliwa alipe nusu ya bei ya vifaranga vipya, bomba lioshwe mbali na mfereji penye shimo la peke yake, na kila anapokusudia kupiga dawa ampelekee jirani habari siku moja mbele, ili mlango wa maji ufungwe. Mwenye samaki naye alikiri kwamba mlango wake ulikuwa wazi usiku na mchana kwa miezi mingi bila sababu, kwa kuwa bwawa lililojaa lisilovuja huhitaji tu maji ya kufidia yanayokaushwa na jua.

Yafaa kila mwenye bwawa akumbuke kwamba dawa nyingi za mashambani na za josho huua samaki hata zikiwa kidogo mno. Dawa za namna ya pareto, zile za asili na zile za viwandani, zinasifiwa kwa kutowadhuru sana watu na ng'ombe, lakini samaki huzishindwa kabisa. Ng'ombe aliyetoka joshoni leo asinyweshwe bwawani. Na samaki waliokufa kwa sumu wasiliwe, wala wasipewe mbwa au nguruwe, bali wafukiwe katika shimo refu mbali na maji.

KONOKONO, NDEGE NA MBU

Minyoo ya manjano iliyotajwa juu ina safari ya ajabu. Mayai ya minyoo hutoka kwa korongo na kuingia majini, huanguliwa, wadudu wake huingia ndani ya konokono, hutoka humo na kumwingia samaki, na korongo akimla samaki huyo mzunguko huanza upya. Haiwezekani kuwatibu samaki mmoja mmoja, lakini mnyororo huu hukatika ikiwa pete moja itaondolewa. Majani ya kandokando yakifyekwa, konokono hawana pa kushika, na kamba zilizotandazwa juu ya bwawa zenye vipande vya bati au vya nguo huwafukuza korongo, mdiria na mnandi. Samaki mwenye vijifuko hivyo hapendezi sokoni, ingawa akipikwa sawasawa hamdhuru mlaji.

Kufyeka kandokando kuna faida nyingine. Konokono wengine hubeba kichocho, na majani ndiyo makao yao pia. Vilevile mbu hutaga mahali penye majani ambapo samaki hawafiki. Watu wengine huogopa kwamba bwawa huleta malaria. Bwawa lililoachwa ndilo lenye hatia hiyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2007, uliofanywa katika mabwawa ya Kisii, ulionyesha kwamba ngege walipotiwa katika mabwawa yaliyokuwa yameachwa, watoto wa mbu wa malaria walipungua kwa zaidi ya sehemu 94 katika kila 100. Mwenye bwawa safi analinda afya ya mji wake pamoja na ya samaki.

Fisi maji na kenge huja usiku. Ua wa miiba au wa waya, na mbwa aliyefungwa karibu, husaidia kuliko kukesha. Vyura nao hula vifaranga, kwa hivyo mayai yao yanayoelea kama utando yatolewe kwa wavu kila yanapoonekana.

KUVUA NA KUPUMZISHA BWAWA

Baada ya miezi sita hadi minane samaki walioangaliwa vema huwa tayari kwa sahani. Wengi huvua wakubwa tu na kuendelea na wadogo, mwaka baada ya mwaka, bila kulikausha bwawa. Huo ndio mlango wa taabu nyingi. Tope linaloongezeka chini lina chakula kilichooza, na ndani yake hukaa mayai ya wadudu wa kila aina. Nao wadogo waliobaki si lazima wawe watoto, huenda ni wazee waliodumaa, na wakizaa hulijaza bwawa tena.

Desturi nzuri ni kulimwaga bwawa lote wakati wa mavuno, kutoa tope la ziada na kulipeleka shambani, ambako ni mbolea bora ya sukuma wiki na migomba, kisha kuliacha kavu majuma mawili mpaka udongo upasuke. Jua huua wadudu wengi bila malipo. Baada ya hapo chokaa hunyunyizwa, maji huingizwa kupitia chujio la waya mwembamba ili samaki wa mtoni wasiingie, na mbolea hutiwa. Maji yakiwa ya kijani, vifaranga hupokelewa.

Mfugaji anayetaka kujua kama amefanikiwa awe na daftari. Kila siku aandike mambo manne: rangi ya maji, chakula alichotoa, namna samaki walivyokula, na idadi ya waliokufa. Karani katika ofisi hujua kwamba hesabu isiyoandikwa hugeuka ugomvi. Vivyo hivyo daftari la bwawa humwonyesha mwenyewe kwamba samaki walianza kupunguza kula siku tatu kabla ya kufa, na mwaka ujao siku hizo tatu zitakuwa zake. Hata afisa wa uvuvi akiitwa, atasaidia upesi zaidi akikuta daftari kuliko akikuta masimulizi.

Bwawa la nyuma ya nyumba halitamtajirisha mtu kwa mwaka mmoja. Lakini mita za mraba 300 zilizotunzwa hivi huleta nyama mezani pasipo kuchinja mbuzi, huleta fedha kidogo wakati mahindi yangali shambani, na hupokea samadi na pumba ambazo zingetupwa. Malipo yake ni kuamka mapema na kuyatazama maji kabla ya chai ya asubuhi. Anayeshindwa na hilo ni heri afuge kuku, maana kuku wakiwa na njaa hupiga kelele.